Mdogo wangu anasema nataka kumnyang'anya mtoto

Shikamoo Anti,

Sijalala, nisamehe mwandiko. Mdogo wangu amesema mbele ya watu kwamba nataka kumnyang'anya mtoto. Mimi!

Kaka amempatia nafasi soba hausi, nyumba ya kukaa mtu akiacha unga. Miezi sita, watoto hawapokelewi, na methadoni, dawa anayokunywa kliniki badala ya unga (heroini), aiache getini. Mtoto bado ananyonya. Kaka anasema apewe ya kopo, mama asafike kwanza. Anti, unajua methadoni haiachwi hivyo. Ikikatwa ghafla arosto, yale mateso ya kukosa unga, inarudi, na akivumilia hadi mwisho mwili unakuwa umeshapoteza ule uzoefu: akitoka akatumia unga kwa kipimo chake cha zamani, ndicho kinachoua. Akikosa dozi siku tatu tu mfululizo kliniki hawamrudishii kiwango kilekile, wanampima upya. Na kunyonyesha si kosa. Dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linasema mama wa methadoni ahimizwe kunyonyesha, isipokuwa hatari iwe wazi kuzidi faida. Simtetei teja, kama wanavyonisema. Nasema kilichopo.

Anayefaa kwenda, aende na mwanawe. Wapewe chumba chao, na awepo wa kumshika mtoto wakati wa vikao. Bila huyo, mama hukosa vikao, halafu huambiwa hana nia. Dozi anywe kila siku mbele ya muuguzi, isilale chumbani hata kidogo, maana funda moja linaweza kuua mtoto. Nimeulizia kila nilikoelekezwa. Wanachukua wanawake, watoto hapana.

Basi nikasema nitabaki na mtoto, ila tuandikishane ustawi wa jamii kwamba mtoto ni wake, mimi nalea kwa muda tu. Karatasi hiyo ndiyo aliyoiona ya kumnyang'anya. Nina wangu, Anti, wa nini mtoto wa mtu? Ingawa usiku akilia kwangu ndiko ananyamaza, si kwa mama yake, hilo hata jirani anajua.

Nataka aende apone. Aende wapi sasa, na dawa anakunywa vizuri, hakosi? Nikimzuia akarudi maskani, lawama yangu. Akienda akaachishwa dawa, pia yangu. Na akiniachia mtoto, je, nitaweza kumrudisha? Hilo sijamwambia mtu.

Mimi kuitwa mwizi wa mtoto! Kaka anakuja na gari Jumamosi, nijibu kabla.

Dada mtu, Temeke