Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Ndugu wanachama,

Mlinituma nipunguze safari za makongamano, nguvu za chama zihamie wodini, kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji. Tumefika nusu ya njia.

Agizo lenu lilitokana na utafiti uliochapishwa 2018, uliofuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu wengi ni vijana. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliofariki walivuka siku ya upasuaji, wakaja kufariki siku za baadaye.

Jaribio lililofuata, la 2021, lilitaka mgonjwa aliye hatarini alazwe karibu na meza ya wauguzi, apimwe mara kwa mara, na ndugu aruhusiwe kukaa naye. Vifo havikupungua. Baadhi yenu mlivunjika moyo, mimi sikushangaa. Usiku muuguzi akiwa mmoja, hata ukisogeza vitanda vyote, macho ni yale yale mawili.

Kamati yetu ya utafiti ilipitia mafaili ya wodi moja, nisiyoitaja. Safu ya upumuaji, yaani pumzi kwa dakika, ilisomeka 20, 20, 20, tangu jioni hadi alfajiri. Asubuhi hiyo mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa anahema mabega yakipanda na kushuka. Naye kaandikiwa 20. Tukakaa naye na saa ya mkononi, dakika nzima: 36. Tangu siku hiyo mafunzo yetu yanaanza na saa, mashine baadaye.

Wapo wanaouliza kwa nini tunahangaikia majaribio ya hapa nyumbani wakati miongozo ya ng'ambo ipo. Jibu langu ni jaribio la FEAST, 2011: watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa dripu za haraka, kama miongozo ilivyotaka, walifariki asilimia 10 na ushei ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7.3.

Ya fedha atayasema mweka hazina. Wasiolipa ada mnajijua.

Mkutano ujao, kila hospitali ije na chati moja ya zamu ya usiku, jina la mgonjwa limefutwa. Tutaanza na safu ya upumuaji.

Mwenyekiti