Mwanangu, mafuta yale sitayanunua

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu Lusajo,

Ugonile. Huku sote ni wazima, ndizi zimezaa vizuri na mvua bado haijaturuhusu kuanika chochote. Pesa uliyotuma niliipokea. Umeniomba niende Mbeya mjini kwa yule mtumishi unayemsikiliza redioni, ninunue mafuta ya upako, nimkabidhi dereva wa basi la Njombe, nawe uyanyunyize kwenye miparachichi. Sitakwenda. Pesa nimeirudisha kwenye simu yako asubuhi hii. Nakuandikia kwa sababu jambo hili halitoshi kusemwa kwa simu, halafu kwenye simu huwa unanikatiza.

Kilichoninyima usingizi si hayo mafuta hasa. Ni lile neno ulilosema mwishoni: "Mama, shamba hili likifa, na mimi nimekufa."

Najua ulivyolihangaikia. Miche ya parachichi aina ya Hass uliipanda kwa mikono yako, kiangazi ukaimwagilia kwa ndoo, ukangoja miaka bila tunda la kuuza. Mkopo wa SACCOS unakudai. Msimu huu wanunuzi wakaja, wakachambua, wakatupa pembeni sehemu kubwa ya mzigo eti matunda yana makovu, na yaliyobaki wakayashusha bei. Hiyo ni dhuluma, na sitaki udhani mama yako haioni. Mkwe wangu ananiambia unaamka usiku na tochi kwenda kutazama kama sakitu imeshuka bondeni. Mkulima kuiogopa sakitu si dhambi. Baridi ya Juni na Julai huko Njombe inaua miche michanga, na mwenye akili huifunika miche yake. Wala kulipenda shamba si dhambi. Mungu mwenyewe ndiye aliyemweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Ninachokiogopa ni shamba kufika mahali pa kukuamulia kama wewe ni mtu au si mtu.

Umekua ukiona watu wakiokoka na kuleta hirizi zao zichomwe mbele ya kanisa. Hirizi ina afadhali: inashikika, moto unaimaliza, mtu anarudi nyumbani. Sasa fungua Ezekieli sura ya 14. Wazee wa Israeli wako uhamishoni, wanakuja kwa nabii, wanaketi mbele yake kwa adabu kama tunavyoketi sisi Jumapili. Wanataka kumwuliza Bwana. Na Bwana anamwambia Ezekieli: "watu hawa wametwaa vinyago vyao, na kuvitia mioyoni mwao." Sura hiyo inanitisha kila nikiisoma. Kumbe mtu anaweza kuja ibadani, akaomba, hata akafunga, na muda wote huo anachotaka ni Mungu amtunzie kinyago chake.

Wamisionari Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, waliwakuta wazee wetu wakipeleka matambiko Lubaga, kwa Lwembe, yule mtawala waliyemwona mtakatifu, wakiomba mvua na rutuba ya ardhi. Siwadharau wazee hao. Waliomba kwa mwanga waliokuwa nao. Lakini wewe umebatizwa, umepata kipaimara, Biblia unayo, halafu unataka kumwagia mti mafuta ili bei ipande. Niambie, mwanangu, tofauti iko wapi? Na hao wanaouza upako kwa chupa, nasema wazi, wanakula hofu za watu.

Isaya 46 inasimulia Beli na Nebo, miungu ya Babeli, wamepakiwa juu ya wanyama, na wanyama wamechoka. Kisha Mungu anawaambia watu wake kwamba yeye amewachukua tangu tumboni, na atawachukua hata wakati wa mvi. Ndivyo unavyoweza kukijua kinyago, Lusajo. Wewe ndiye unayekibeba. Shamba hili sasa unalibeba usiku, unalibeba mezani mbele ya wanao, unalibeba mpaka kwenye maombi. Limekwisha kukudai usingizi na maneno mazuri ya mkeo, na litadai zaidi. Kristo hakukuomba damu yako ndipo akupende. Alitoa yake, wewe ukiwa huna hata mche mmoja.

Sikuambii kuacha ni kazi ya usiku mmoja. Moyo hurudi pale pale, na utalazimika kuuachisha tena kesho. Anza kwa kulitaja mbele za Mungu bila kuzungusha: "Bwana, shamba hili nimelitegemea kuliko wewe." Sema hivyo kwa sauti, mkeo akisikia. Jumapili nenda kanisani moja kwa moja, usipitie shambani kwanza. Halafu soma mwisho wa Habakuki, pale anaposema taabu ya mzeituni itakuwa bure na mashamba hayatatoa chakula, na bado atamfurahia Bwana. Yule alikuwa anajua njaa ni nini. Hakusema mashamba hayana maana, wala hakuahidiwa kwamba yatazaa. Mimi pia siwezi kukuahidi bei. Nitaomba bei iwe nzuri, naomba kila siku, lakini kwanza naomba kwamba hata bei ikiwa mbaya, uwe bado una Mungu.

Na kumtegemea Mungu si kukunja mikono. Pogoa miti yako. Ongea na wakulima wenzako mpeleke mzigo pamoja, mnunuzi asimkute kila mtu peke yake. Nenda SACCOS kabla hawajakufuata, uwaeleze hali ilivyo na uombe muda. Najua unaona aibu watakuona umeshindwa. Hiyo aibu nayo iweke mbele za Bwana, maana nahisi jina lako machoni pa watu limekaa moyoni mwako karibu sana na hilo shamba.

Nipigie ukitoka huko, wakikubali au wakikataa. Msalimie mkwe wangu, na watoto waambie bibi yao atakuja mvua zikipungua.

Mama yako