Miale ya kosmiki haingoji saa sita na nusu usiku

Ndugu Mhariri,

Jumanne iliyopita, saa nne usiku, nikiwa nimeshazima taa, mjukuu wangu alinitumia ujumbe: "Bibi, zima simu usiku huu, usilale nayo karibu." Chini yake aliambatisha ile habari inayozunguka kwenye WhatsApp miaka nenda miaka rudi, inazama na kuibuka, kwamba kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa tisa na nusu miale ya kosmiki yenye nguvu nyingi itapita karibu na dunia, na simu iliyowashwa itamdhuru mwenye nayo. Mtoto ana miaka 12 na alinionea huruma. Sina neno naye. Lakini asubuhi yake niliikuta habari hiyohiyo kwenye gazeti lako, imeongezewa alama ya kuuliza mwishoni mwa kichwa, kana kwamba alama ile inamnawisha mwandishi mikono.

Nimefundisha fizikia miaka 31 na nimestaafu, kwa hiyo muda wa kuandika barua ninao.

Lililonikera zaidi ni neno moja, "itapita". Miale hii haina ratiba. Inapita sasa hivi. Kiganja cha mtu mzima kikilazwa mezani, kila sekunde kinapenywa na myuoni moja hivi, yaani chembe iliyozaliwa huko juu na miale hiyo. Inapita kwenye ngozi, mfupa, meza na sakafu, wala haipigi hodi. Tangu mwandishi wako alipoanza kuandika kichwa chake cha habari hadi alipofika kwenye alama ya kuuliza, mamia yalikuwa yamekwisha kumpitia mwilini, na nadhani aliamka salama.

Hata jina "miale" ni mabaki ya zamani. Mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, alipopanda puto mwaka 1912 hadi zaidi ya mita 5,000, akaona vipimo vyake vya mnururisho vinapanda badala ya kushuka, alijua tu kwamba kuna kitu kinatoka juu. Kwa miaka mingi wakubwa wa fani walidhani ni mnururisho wa jamii ya eksirei, na jina likaganda. Kumbe nyingi ni protoni, viini vya haidrojeni. Nyingine ni viini vya heliamu, na chache ni viini vya atomu nzito, hadi chuma.

Sasa hizo zenye nguvu nyingi, ambazo ujumbe ule unatishia watu nazo, ndizo adimu kuliko zote. Zile zenye nishati ya elektrovolti (kipimo cha nishati ya chembe) 1 ikifuatwa na sufuri 15 huanguka takriban moja kwa mwaka katika kila mita ya mraba. Panda hadi sufuri 20, na kilomita nzima ya mraba itaambulia kama moja kwa karne. Hakuna satelaiti itakayobeba kifaa kikubwa cha kutosha kuzinasa. Ndiyo maana wanaozitafuta hawaifukuzii chembe yenyewe. Wanakaa chini, wanaingoja ivunjike.

Nayo huvunjika kwa kishindo. Ikigonga kiini cha nitrojeni au cha oksijeni, kilomita 15 hadi 20 juu yetu, hutapanya chembe ziitwazo pioni. Pioni zisizo na chaji hugeuka mara moja kuwa fotoni za gama, yaani punje za nuru yenye nishati kubwa. Fotoni huzaa elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya), nazo hutoa fotoni nyingine, na kila kizazi hugawana nishati ya waliokitangulia. Pioni zenye chaji hugonga viini vingine, au huoza zikawa myuoni. Ukoo unaongezeka hadi nishati ya kila mmoja inakuwa ndogo mno asiweze kuzaa tena, kisha unaanza kupukutika. Kinachotufikia ni bamba jembamba la chembe, unene wake mita chache, upana wake mamia ya mita au kilomita kadhaa, likishuka kwa kasi inayokaribia ya nuru. Darasani niliita mvua ya chembe, na sijaona sababu ya kubadili.

Wa kwanza kuihisi mvua hii alikuwa Mwitaliano Bruno Rossi, mwaka 1933, akiwa Asmara, Eritrea. Alikwenda huko kwa shughuli nyingine, kupima kama miale inakuja zaidi kutoka magharibi kuliko mashariki, akaona vihesabio vyake vya chembe, vilivyowekwa mbali kimoja na kingine, vinalia kwa pamoja mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Alilitaja jambo hilo kwa ufupi akaendelea na kazi iliyompeleka. Mwaka 1938 Mfaransa Pierre Auger na wenzake walilirudia bila kumfuata yeye. Baadaye wakatenganisha vihesabio hadi mita 300, na bado vikalia pamoja. Sifa zikawa za Auger. Vitabu nilivyofundishia vilimtaja yeye. Asmara havikuitaja hata mara moja.

Darasa langu la mwisho nililifundisha jambo hili kwa mikono. Tulikuwa na masanduku matatu yaliyotupwa na maabara moja, kila moja likiwa na kipande cha plastiki cha sentimita 15 kwa 20, ile plastiki inayotoa mmweko hafifu chembe ikiipenya, na mrija wa kukuza mmweko huo uwe umeme. Tuliyapanga moja juu ya jingine, yakahesabu vizuri. Kisha tukayatandaza sakafuni, mita tano tano. Sasa myuoni moja haiwezi kuyapitia yote matatu, kwa hiyo nilitegemea wanafunzi wategemee sufuri. Haikuwa sufuri. Mara chache tu kwa siku, yote matatu yalilia ndani ya sehemu ya kumi ya mikrosekunde. Msichana mmoja wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, zilipatanaje kufika pamoja?" Katika miaka 31 sikumbuki swali lililonifurahisha zaidi ya hilo.

Haikwenda vizuri hivyo siku zote. Sanduku la tatu lilianza kuhesabu maradufu kila asubuhi, likatulia jioni. Kijana aliyekuwa analiangalia alichora grafu nzuri sana na kuandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Miale ya kosmiki inatoka kwenye jua." Nilimwambia alifunike kwa blanketi nene. Hesabu ikaanguka palepale. Utepe mweusi wa kuzuia mwanga ulikuwa na tundu lisilozidi ncha ya sindano, na mwanga wa dirishani ulikuwa unaingia humo. Wenzake walimcheka, nikawakataza, kwa sababu shaka yake ilikuwa ileile ya Hess. Aprili 1912 Hess alipanda puto lake wakati wa kupatwa kwa jua, akitaka kuona kama vipimo vitashuka mwezi ukiliziba. Havikushuka, akajua chanzo kikuu si jua. Mwezi ulikuwa blanketi lake.

Zidisha masanduku yetu kwa mamia na utapata kituo cha Pierre Auger kilichopo Malargüe, Argentina. Pale kuna matangi zaidi ya 1,600 yaliyotawanywa kwenye malisho, kila moja mbali na jirani yake kilomita 1.5, yakifunika kilomita za mraba 3,000. Kila tangi lina lita 12,000 za maji safi ndani ya giza totoro, na mirija mitatu inayochungulia maji hayo kutoka juu. Chembe inayopita majini kwa kasi kuliko nuru inavyokwenda majini humohumo (ombwe ni habari nyingine, huko hakuna kinachoishinda) huacha mwanga hafifu wa bluu, uitwao nuru ya Cherenkov. Mirija huuona, paneli ya sola hutoa umeme, saa ya GPS hugonga muhuri wa wakati, na redio hupeleka taarifa kituoni.

Muhuri huo wa wakati ndio ninaoupenda kuliko vyote. Bamba la chembe likishuka wima, matangi jirani hulipata kwa pamoja. Likija limeinama nyuzi 30 kutoka wima, tangi la mbele hulipata kwanza, na la nyuma yake, kilomita 1.5, huchelewa kwa mikrosekunde 2.5. Kwa tofauti hizo ndogo unajua chembe ya kwanza ilitoka upande gani wa anga. Wingi wa mwanga katika matangi hukupa nishati yake. Usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, darubini 27 zilizo kandoni huangalia pia mng'ao wa nitrojeni iliyosisimuliwa na mvua ile inaposhuka. Njia hiyo ni nzuri sana, ila saa zake za kazi ni chache.

Na wamepata nini? Tarehe 15 Oktoba 1991, kituo cha Fly's Eye huko Utah, Marekani, kilinasa chembe ya elektrovolti 320 ikifuatwa na sufuri 18. Hiyo ni juli 51, nishati ya mpira wa tenisi uliopigwa kwa kilomita 150 kwa saa, yote imebebwa na kitu kidogo kuliko atomu. Protoni za mtambo mkubwa wa kuharakisha chembe wa CERN, maabara ya Ulaya, haziifikii. Chembe ile ilizizidi zaidi ya mara milioni 40. Tarehe 27 Mei 2021, hukohuko Utah, kituo cha Telescope Array kiliona nyingine ya 244 na sufuri 18 zake. Vigunduzi 23 vililia. Walipofuata njia yake kurudi nyuma, ilielekeza kwenye sehemu ya ulimwengu iliyo tupu, isiyo na galaksi za kutosha kuilaumu. Waliipa jina la Amaterasu, mungu wa jua wa Wajapani.

Hapa ndipo habari halisi ilipo, Mhariri, na mwandishi wako aliikanyaga akaipita. Tangu 1966, wanafizikia Greisen huko Marekani, na Zatsepin na Kuzmin huko Urusi ya Kisovieti, walionyesha kwamba protoni yenye nishati hiyo haiwezi kusafiri mbali: ulimwengu umejaa mabaki ya nuru ya mwanzo wake, na protoni inayokwenda kasi namna hiyo hugongana nayo na kupoteza nishati njiani. Kwa hiyo chanzo kinapaswa kuwa karibu, kwa ukaribu wa wanaastronomia, yaani si zaidi ya miaka ya nuru milioni mia kadhaa. Ukitazama upande ilikotoka unakuta patupu. Huenda sumaku za angani ziliipinda njiani kuliko tunavyokadiria. Kama ni kiini kizito, chenye chaji nyingi, hupindwa zaidi. Mwaka 2017 watu wa Malargüe walitangaza kwamba chembe zaidi ya 30,000 walizokusanya huja kidogo zaidi kutoka upande mmoja wa anga, na upande huo si ule wa kitovu cha galaksi yetu. Zinatoka nje ya galaksi, basi. Ni mtambo gani wa maumbile huko nje unaozirusha, mashimo meusi au milipuko ya nyota, bado wanabishana, na mabishano yao ni matamu kuliko uzushi wowote.

Mtasema: je, mvua hizo hazina madhara kabisa? Marubani na wanaanga hupata mnururisho zaidi kuliko sisi, nao hupimiwa. Hilo ni suala la kweli. Lakini aliye chini ya mvua hata ya ile chembe ya 1991 hasikii kitu. Nishati yake imeshagawanywa kwa mabilioni ya chembe na kusambazwa juu ya kilomita kadhaa za mraba.

Simu ndiyo imesingiziwa zaidi ya wote. Haivuti miale. Kihisi cha kamera yake ni silikoni, na myuoni ikikipenya huacha doa jeupe kwenye picha hata kamera ikiwa imefunikwa. Wapo wanafizikia waliotengeneza programu za simu za kuwinda chembe kwa njia hiyo. Chombo ambacho watu waliambiwa wakizime ndicho kigunduzi cha pekee walichokuwa nacho nyumbani.

Mimi nina viwili zaidi. Yale masanduku mawili yaliyosalia mazima nilikwenda nayo nyumbani nilipostaafu. Usiku ule wa Jumanne niliyatoa kabatini, nikayaweka moja juu ya jingine, na saa nne na nusu nikayaacha yahesabu kwa dakika kumi: 2,411. Nikatega kengele kwenye simu ileile niliyoambiwa niizime, nikaamka saa saba kamili, katikati ya hatari yenyewe, nikarudia: 2,388. Pungufu ni 23, wakati kuyumba kwa kawaida kwa hesabu ya ukubwa huo ni 49 hivi. Nilimwandikia mjukuu wangu namba zote mbili. Alijibu asubuhi akitaka kuja kuyaona masanduku.

Habari ile itarudi, maana hurudi. Siku hiyo mwandishi wako akinitafuta kabla ya kuweka alama ya kuuliza, nitampa namba hizo, na kama ana dakika kumi tutahesabu upya pamoja.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu wa fizikia