Sampuli si sawa na melodia iliyonakiliwa

Mhariri,

Wimbo mpya ukifanana na wa zamani, wengi hupiga kelele za wizi bila kutenganisha mambo mawili. Sampuli ni kipande cha rekodi yenyewe, kilichokatwa na kurudiwarudiwa. Hata kikiharakishwa, mlio wa ngoma zile zile hukiumbua. Melodia, yaani tuni ya wimbo, ikinakiliwa hupigwa upya, tena huenda bila kukusudia: mwaka 1976 jaji wa Marekani aliamua kuwa George Harrison wa The Beatles, katika wimbo wake “My Sweet Lord”, alinakili “He's So Fine” wa kundi la The Chiffons pasipo kujitambua.

Kinachoniudhi mimi ni malipo. Gregory Coleman wa bendi ya Marekani The Winstons alipiga ngoma za sekunde chache mwaka 1969, zikatumika kama sampuli katika maelfu ya nyimbo. Mrabaha hakuuona. Watayarishaji wataje vyanzo vyao!

Mpenzi wa muziki