Shukrani kwa dada wa pikapu, Pleasant Bay

Dada, jina lako hatukulipata, ila fadhila zako hatuzisahau. Tairi letu liliisha upepo kwenye Cabot Trail, ile barabara ya kilomita 298 inayozunguka kaskazini mwa kisiwa cha Cape Breton, Kanada, tukiwa tumemaliza kushuka mlima MacKenzie. Ulipiga magoti kwenye kokoto, ukalegeza nati kabla hata ya kupandisha jeki, mikono imejaa grisi, wala hukutaka malipo. Halafu ukatuonya: mlima North uko mbele, mteremko wake mkali, shukeni kwa gia nzito breki zisichemke. Tulifanya hivyo hivyo, tukafika Ingonish salama, bahari yote wazi mbele yetu. Watoto bado wanakutaja. Mungu akuzidishie, dada yetu.