Mvua ilikatika juzi, uwanja bado umefungwa
Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Viwanja vya Michezo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa nahodha wa timu ya softiboli ya burudani (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo vinavyoitwa besi), timu ya watu wazima wanaotoka kazini jioni wakaja kucheza. Hakuna anayelipwa, na hakuna kombe la maana tunaloligombania. Tunalipa ada ya msimu, tunanunua jezi na mipira kwa mifuko yetu, na tunachotegemea kutoka ofisi yako ni uwanja unaochezeka. Msimu huu, katika mechi 10 za ratiba yetu, tumecheza 6. Nne tumeambiwa zimeahirishwa kwa sababu ya mvua, na mpaka leo sijaona tarehe mpya hata ya mojawapo.

Niruhusu nianze na ile ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mvua ilinyesha Jumanne usiku, mvua ya kawaida tu, ikakatika kabla ya alfajiri. Jumatano jua liliwaka kutwa. Alhamisi vilevile, jua na upepo. Mechi yetu ilikuwa saa 12 jioni. Saa 11 na robo ujumbe ukaingia kwenye simu: uwanja umelowa, mechi imeahirishwa. Mdakaji wetu alikuwa ameshabadilishana zamu na mwenzake kazini ili awahi. Mchezaji wetu wa besi ya tatu alikuwa ameshampeleka mtoto kwa dada yake. Mimi nilikuwa njiani, nikaendelea na safari hadi uwanjani, kwa sababu nilitaka kuuona kwa macho yangu uwanja unaokataa kukauka kwa siku mbili za jua.

Nilitembea kutoka nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hadi besi ya kwanza, na kiatu changu hakikuacha alama. Nyasi zilikuwa kavu. Eneo la mrushaji lilikuwa na unyevu kidogo, kiasi cha kufukiwa na kusawazishwa kwa dakika kumi. Lakini nyuma ya besi ya pili, pale udongo unapokutana na nyasi, nilikuta dimbwi refu, jembamba, lililopinda kama mwezi mwandamo kufuata ukingo wa nyasi. Nikazamisha kidole, maji yakafika kwenye fundo la pili. Nikachukua gongo nikalilaza kutoka juu ya nyasi kuelekea ndani. Ncha moja ilikaa kwenye ukingo, nyingine ikabaki inaning'inia juu ya maji. Chini yake niliweza kupitisha kiganja changu kikiwa kimesimama kwa ubavu.

Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwa na ruhusa ya kulifanya, na nalikiri mbele yako. Nilichimba kwa mkono kijifereji cha upana wa vidole viwili, kikakata ule ukingo na kutokea upande wa pili, ambako nyasi zinateremka. Maji yakaanza kutembea. Yalitoka polepole, mekundu, yamebeba chembe za udongo. Nikakaa kwenye benchi la wachezaji nikiyatazama. Ilipofika saa 12 kamili, saa ya mechi yetu, dimbwi lilikuwa limepungua zaidi ya nusu.

Mheshimiwa, kilichotunyima mechi ile ni tuta la udongo, wala si mvua.

Tuta hilo halikuja kwa siku moja. Kila mara trekta dogo linapoburuta wavu wa chuma kusawazisha udongo, dereva akienda hadi kwenye nyasi na kugeuzia hapo, udongo kidogo unabaki ukingoni. Upepo unaongeza. Viatu vyetu vinaongeza, na sisi tunapoteleza kuikimbilia besi tunaongeza pia. Nyasi hazifi kwa kufunikwa na udongo mchache kiasi hicho, zinachomoza juu yake na kuushika kwa mizizi, na msimu unaofuata tabaka jingine linakaa juu. Baada ya miaka michache unakuwa na ukuta mfupi unaouzunguka udongo wote, na uwanja unageuka beseni. Ulijengwa ukiwa na mteremko wa kumwaga maji nje, mdogo sana, takriban sentimita 1 kwa kila mita 1. Mteremko huo bado upo na bado unafanya kazi yake. Unayapeleka maji ukingoni kama ulivyokusudiwa, yakifika yanakuta mlango umezibwa.

Dawa yake si ya gharama. Dereva akomee kama sentimita 30 kabla ya nyasi, na ukanda huo uliobaki usawazishwe kwa reki ya mkono, kwa kufuata ukingo na si kwa kuukata. Akimaliza, udongo ulioingia kwenye nyasi ufagiliwe urudi ndani. Mara chache kwa msimu ukingo uoshwe kwa mpira wa maji wenye kasi. Pale tuta lilipokwisha kuwa kubwa, kama letu, lazima nyasi zikatwe vipande, udongo wa ziada uondolewe, na vipande virudishwe mahali pake. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa baada ya msimu kwisha, na ikishafanywa, reki na ufagio vinatosha kuulinda ukingo.

Sina ugomvi na mafundi wa uwanja. Nimewaona wakifika asubuhi, watu wawili wenye viwanja vingi vya kuhudumia, wanafanya haraka kinachowezekana kabla ya kukimbilia kwingine. Lakini haraka hiyo ndiyo inayotuumiza. Mwezi uliopita nilimwona mmoja wao akisukuma maji ya dimbwi kwa ufagio kuelekea kwenye nyasi. Maji yale yalikuwa tope, kwa hiyo alichokuwa akisukuma ni udongo wa uwanja. Shimo likazidi kwenda chini, tuta likazidi kupanda, na mvua iliyofuata dimbwi lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Baadaye akamimina toroli la mchanga mkavu shimoni. Kwa jioni ile ilionekana afadhali. Ila udongo wa softiboli ni mchanganyiko uliopimwa: mchanga kwa sehemu kubwa, pamoja na mfinyanzi wa kuushikamanisha na vumbi laini la kuziba nafasi zilizobaki. Ukitupia mchanga mtupu mahali pamoja, pale hapashikamani tena. Mguu unazama, mpigaji anachimba kwa kisigino, na shimo linarudi lilipokuwa.

Maji ya dimbwi huchotwa. Unatumia sifongo kubwa, au pampu ndogo ya mkono, au unachimba kitundu katikati ya dimbwi, unaweka kopo, maji yanajikusanya humo na unayatoa. Unyevu unaobaki unanyonywa na chembe za mfinyanzi uliochomwa, zinazotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Ukishakauka, shimo linajazwa kwa udongo uleule wa uwanja, linanyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa. Sehemu zinazochimbika zinajulikana kila uwanja: anaposimama mpigaji, anapokanyaga mrushaji, na mbele ya kila besi. Zikifukiwa baada ya kila mechi, mvua haikuti mahali pa kutuama.

Naomba usinielewe kama mtu anayetaka kucheza kwenye matope. Kuna siku uwanja unapaswa kufungwa na hatutakiwi kubishana. Udongo ukishika kiatu, goti la mtu linaweza kugeukia upande usio wake. Nyasi zilizolowa chapachapa, watu 20 wakikimbia juu yake jioni moja, ardhi chini yake inagandamana na maji ya mvua inayofuata hayana pa kupita. Radi ikisikika, wote tutoke, na tusirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Manahodha tumewahi kumsonga mwamuzi tukitaka aanzishe mechi kwa nguvu, nami nikiwemo, na tulikosea. Ukitufungia uwanja siku kama hizo tutakushukuru. Ninachokipinga ni kufungiwa uwanja Alhamisi kwa mvua ya Jumanne.

Kuna na namna uamuzi wenyewe unavyofanywa. Kwa jinsi ujumbe unavyokuja, naamini aliyeuandika hakukanyaga uwanja siku hiyo. Viwanja vyetu viwili vimepakana, na havifanani hata kidogo. Wa juu unakauka kwa saa chache, wa chini unakaa na maji. Bado vinafungwa pamoja kwa ujumbe mmoja. Alhamisi ile uwanja wa juu ulikuwa mkavu kama sakafu na hakuna aliyeucheza. Mtu mmoja akizunguka saa 9 alasiri, akaangalia kila uwanja kwa miguu yake na kutoa jibu la kila uwanja peke yake, wachezaji watajua mapema kabla hawajabadilisha zamu na kupanga walezi wa watoto. Tukiambiwa hapana saa 9, tutasikitika kidogo na jioni itaendelea. Kinachochosha ni kuambiwa saa 11 na robo, begi likiwa begani.

Nalo neno "imeahirishwa" linaniuma. Kuahirisha ni kusogeza mbele, na kitu kilichosogezwa kina mahali kilipowekwa. Mechi zetu nne hazina mahali. Mojawapo tulikuwa tumeshaianza, mvua ikatukuta raundi ya nne tukiongoza, na yote yakafutwa. Hilo la kufutwa sikulilalamikia, kwa sababu mechi ni raundi 7 na kwa kanuni za kawaida ikikatizwa huhesabiwa pale raundi 5 zilipokwisha chezwa. Lakini baada ya kufutwa ilipaswa kurudiwa. Ratiba ingetengewa tangu mwanzo wa msimu jioni mbili tatu za akiba, zisizopangiwa timu yoyote, mechi za mvua zingepata pa kwenda. Na mechi ambayo haitachezwa kabisa, sehemu yake ya ada irudi kwa timu au ipunguzwe kwenye msimu ujao. Tulilipia mechi 10.

Softiboli ilianzia ndani ya ukumbi, Chicago, Novemba mwaka 1887. Watu walikuwa wamejifungia ndani, wakaifunga glavu ya ndondi kwa kamba zake ikawa mpira, na mpini wa ufagio ukawa gongo. Nalikumbuka hilo kila ninapoona lango letu limefungwa kwa kufuli siku ya jua. Mchezo huu tangu kuzaliwa kwake hauhitaji mengi. Wachezaji wangu hawadai taa mpya wala majukwaa wala nyasi bandia. Wanaomba ukingo uliosawazishwa na mashimo yaliyofukiwa.

Na mikono tunayo. Timu yetu iko tayari kufika nusu saa kabla ya kila mechi na kubaki nusu saa baada yake, na nimezungumza na manahodha wengine watatu, nao wamekubali. Tunachokosa ni ruhusa na vifaa. Tuwekee sanduku la kufuli pembeni ya uwanja, lenye reki mbili, ufagio mgumu, sifongo, pipa la udongo wa uwanja na kishindilio, na turubai dogo la kufunika anaposimama mpigaji na lingine la mrushaji. Mafundi wako watufundishe mara moja, Jumamosi moja asubuhi, nini tufanye na nini tusiguse. Wapo watakaokuambia wachezaji wataharibu. Huenda siku ya kwanza tukakosea kitu, ndiyo maana nataka tufundishwe. Lakini mtu aliyefukia shimo kwa mkono wake hawezi tena kuburuta mguu hovyo akienda kupiga. Hilo nimeliona kwa wenzangu tulipofukia mashimo machache kwa udongo tuliookota ukingoni.

Tunaomba pia lile tuta la nyuma ya besi ya pili liondolewe msimu huu ukimalizika, kabla nyasi hazijaanza kukua tena juu yake. Kwa sasa, mafundi wakikata matundu machache tu ukingoni kwa utaratibu wao, si kwa vidole kama nilivyofanya mimi, maji yatapata njia na mechi zilizobaki zitachezeka.

Mvua nyingine haiko mbali. Ikinyesha, asubuhi yake nitakuwa uwanja wa chini, nyuma ya besi ya pili, kabla sijaenda kazini. Nakualika uje tusimame hapo pamoja. Dakika kumi zinatosha. Njoo na viatu usivyovihurumia, nami nitaleta gongo tulilaze tena pale ukingoni, ujionee mwenyewe maji yanapoishia.

Wako katika michezo,

Nahodha wa timu ya softiboli ya jioni