Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upandishaji wa Koo za Rangi na Wajibu wa Kuweka Kumbukumbu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina, nami naomba niitumie nafasi yangu kuzungumzia jambo lililoichukulia kamati muda mwingi kuliko yote, yaani kupandisha nyoka wa koo tofauti za rangi (vizazi vinavyorithishana rangi fulani) bila kumbukumbu za kuaminika.

Wengi wetu tunafuga nyoka wa mahindi, ambao asili yao ni kusini-mashariki mwa Marekani. Tangu H. Bernard Bechtel na mkewe Elizabeth walipochapisha makala yao mwaka 1962, inajulikana kwamba ualbino wa nyoka hawa hurithiwa kwa jeni fifi, isiyojitokeza mpaka itoke kwa baba na kwa mama. Ukimpandisha albino, yaani asiye na rangi nyeusi, na asiye na rangi nyekundu, watoto wote hutoka na sura ya porini, ila kila mmoja hubeba jeni zote mbili. Hao wakipandishwa wenyewe kwa wenyewe, mmoja kati ya 16 hutarajiwa kuwa Snow, yule mweupe mwenye uwaridi. Wanachama wapya wanaovunjika moyo mayai yanapoanguliwa wafahamu kwamba hata katika mayai 16, uwezekano wa kumpata angalau Snow mmoja ni takriban asilimia 64 tu.

Tatizo kubwa zaidi liko kwa koo zinazofanana kwa macho. Albino wa nyoka aina ya boa wa ukoo wa Kahl na wa ukoo wa Sharp ni wa jeni mbili tofauti. Ukiwapandisha, watoto wote huzaliwa na rangi ya kawaida. Kizazi kinachofuata hutarajiwa kuwa na albino saba kati ya 16, na hakuna jicho linaloweza kusema kwa hakika nani ni Kahl, nani ni Sharp, na nani ana zote mbili. Kwa kuwa boa jike huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, mnunuzi aliyepewa mnyama wa namna hiyo bila maelezo anaweza kugundua ukweli akiwa ameshapoteza sehemu kubwa ya ujana wa nyoka wake. Kwa maoni yangu, huko ni kumdhulumu mtu, hata kama muuzaji hakukusudia.

Linaloniumiza zaidi ni kasoro ya kurithi iitwayo Stargazer, iliyogunduliwa katika ukoo wa rangi uitwao Sunkissed wa nyoka wa mahindi na ambayo, kwa sababu ya kuchanganya, sasa yaweza kujificha ndani ya rangi nyingine nyingi. Kitoto chenye kasoro hii hupinda kichwa kuelekea juu, huyumba kinapotambaa, na kikilala chali hupata taabu kujigeuza. Wazazi wake, wanaobeba jeni moja moja, huonekana wazima kabisa. Siku hizi mbebaji anaweza kutambuliwa maabara kwa gamba alilojivua, na sioni udhuru wa kumpandisha nyoka mwenye damu ya Sunkissed kabla ya kupimwa.

Kamati inapendekeza, na mkutano mkuu utaombwa kupiga kura, kwamba kila nyoka anayeuzwa kupitia chama awe na kadi inayotaja wazazi wake, ukoo wa kila rangi, na majibu ya kipimo pale kinapohitajika. Mtoto wa sura ya kawaida aliyezaliwa na wazazi wawili wabebaji aandikwe kuwa ana uwezekano wa asilimia 66 wa kubeba jeni hiyo, wala asiuzwe kama mbebaji wa hakika. Fomu za mfano ziko kwa Katibu, na marekebisho yapelekwe kwake kwa maandishi kabla ya siku ya mkutano.